Kwenda Colombia kuasili mtoto mkubwa: maswali ninayoulizwa kila mara

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, ninaishi Houston, Texas. Mwaka 2023 tulikwenda Colombia mimi na mume wangu, safari ikachukua wiki sita na siku mbili, na nyumbani tukawa watatu. Wa tatu alikuwa na miaka tisa na nusu, begi moja la mgongoni, na maoni yake kuhusu kila kitu. Tangu hapo nikikaa harusini naulizwa, nikikaa msibani naulizwa, na kuna shangazi mmoja Dar aliyenipigia saa nane za usiku wangu kwa sababu kwake ilikuwa saa nne asubuhi na swali limemjia. Nimeyakusanya hapa. Mengine nimeyajibu kwa kirefu, mengine kwa ufupi, kwa kadiri yalivyotusumbua sisi wenyewe.

Kwani kuasili si kulea tu? Mimi nimelelewa na shangazi na hakuna aliyekwenda mahakamani.

Na mimi nimelelewa na mama mdogo, Pangani, miaka minne. Kulea ni jambo la ukoo. Mtoto anahama nyumba, jina lake ni lile lile, baba yake ni yule yule, na siku yoyote akiitwa anarudi. Kuasili ni hukumu ya mahakama: wazazi wa kwanza wanavuliwa haki na wajibu wote, wapya wanavikwa, na cheti cha kuzaliwa kinaandikwa upya. Wazee wa Pwani walisema "mtoto wa kupanga". Sheria ya Tanzania inasema kuasili, na ndilo neno nitakalotumia.

Kwa anayekaa ughaibuni tofauti hii inauma. Afisa wa viza hana mahali pa kujaza "nimemlea tangu hajaota meno". Anataka hukumu.

Kwa nini Colombia? Watoto wa Tanga wameisha?

Hili ndilo linaloulizwa kwa sauti kubwa kuliko yote, na mara nyingi na watu ambao hawajawahi kulaza hata mtoto wa jirani.

Tulianzia nyumbani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayotumika Tanzania Bara, inamruhusu asiye raia kuasili mtoto wa Kitanzania kwa masharti, na mojawapo ni kwamba awe ameishi Tanzania miaka 3 mfululizo. Mimi nilipokula kiapo cha uraia wa Marekani nilikoma kuwa raia wa Tanzania, maana kwetu mtu mzima hana uraia pacha. Kwa hiyo mbele ya sheria, mimi niliyezaliwa hospitali ya Bombo, Tanga, nasimama foleni moja na Mzungu aliyeshuka kwenye ndege jana. Na bila uraia huo huo wa Marekani nisingeweza kuasili Colombia na kumleta mtoto Houston. Kiapo kilichonifungulia mlango wa Cali, mji wa Colombia alikokuwa mtoto, ndicho kilichonifungia wa Tanga. Nimelizoea, lakini sijalipenda.

Mume wangu kwao ni Voi. Kenya ilisimamisha kuasili kwa wageni Novemba 2014. Uganda ilibadilisha sheria mwaka 2016, mgeni akatakiwa kukaa nchini angalau mwaka mmoja. Congo ilisimamisha vibali vya watoto kutoka nchini Septemba 2013, na kuna familia zilizokuwa na hukumu mkononi lakini mtoto akabaki Kinshasa miaka. Ethiopia ilifunga mlango kabisa mwaka 2018. Tena si Afrika tu: Urusi iliwazuia Wamarekani kuanzia Januari 2013, na China, iliyokuwa ikitoa watoto wengi kuliko nchi yoyote, ilitangaza mwaka 2024 kwamba imeacha.

Siwalaumu. Nchi inayokataa watoto wake kusafirishwa na watu isiowajua ina sababu zake, na nyingine nitazieleza chini. Ila mtu akiniuliza kwa nini Colombia, jibu la kweli ni hili: mlango ulikuwa wazi, taratibu zinaeleweka, na taasisi moja ya serikali, ICBF, yaani taasisi ya ustawi wa familia iliyoanzishwa mwaka 1968, ndiyo inayosimamia watoto wote wanaosubiri. Halafu kuna jambo ambalo ndugu zangu wengi hawalijui. Pwani ya Pasifiki ya Colombia, kuanzia Chocó kupita Buenaventura hadi Tumaco, imejaa watu weusi, wajukuu wa waliochukuliwa Afrika kwa nguvu. Mwanangu ni wa huko. Nikienda naye sokoni Houston hakuna anayeniuliza huyu ni wa nani.

Nina kadi ya kijani tu. Naweza?

Kwa njia hii, hapana. Kadi ya kijani ni kibali cha ukaazi wa kudumu, si uraia, na lazima mmoja wenu awe raia wa Marekani. Mwenzi anaweza kuwa na kadi ya kijani, mradi yupo nchini kihalali. Ambaye hajaoa wala kuolewa naye anaruhusiwa, ila awe amefika miaka 24 wakati wa kuanza maombi ya kwanza na 25 wakati wa maombi ya mtoto mwenyewe. Colombia nayo ina yake: mwombaji awe na miaka 25 na kuendelea, na amzidi mtoto angalau miaka 15.

"Mtoto mkubwa" maana yake nini hasa?

Colombia huwahesabu wenye miaka kama saba na kuendelea katika kundi moja na ndugu wanaotakiwa waende pamoja na watoto wenye maradhi au ulemavu. Hilo ndilo kundi lisilo na wateja. Neno wateja ni baya, nalitumia makusudi. Anayetaka kichanga anasubiri miaka. Mwenye miaka kumi ndiye anayekusubiri wewe.

Angalia kalenda pia. Marekani inataka ombi la mtoto liwe limewasilishwa kabla hajatimiza miaka 16, isipokuwa anamfuata ndugu yake wa damu mliyekwisha kumuasili. Hapo ni kabla ya 18. Tulikutana na wenzetu Cali waliokuwa wakikimbizana na siku ya kuzaliwa ya binti. Mama yake alikuwa na tarehe imeandikwa kwa kalamu kwenye kiganja.

Karatasi ni nyingi kiasi gani?

Ni nyingi. Nitaeleza mpangilio, halafu niseme palipotukwamisha.

Unaanza na wakala wa kuasili aliyeidhinishwa na Marekani na kukubaliwa na Colombia pia. Nchi zote mbili zimo katika Mkataba wa The Hague wa mwaka 1993, unaosimamia kuasili kati ya nchi na nchi: Colombia tangu 1998, Marekani tangu Aprili 2008. Kisha anakuja ofisa ustawi nyumbani kwako. Anakagua vyumba, mishahara, ndoa, afya, anauliza ulivyopigwa ulipokuwa mdogo na unavyokusudia kumwadhibu mtoto. Kuna mafunzo ya lazima yasiyopungua saa 10. Halafu fomu ya I-800A kwa idara ya uhamiaji, wakukague alama za vidole. Ukipita, jalada lako linatafsiriwa Kihispania na kupelekwa ICBF. Wao wakikuridhia, na kamati yao ikikuona unamfaa mtoto fulani, unaletewa taarifa zake: afya, shule, historia, picha. Ukikubali, unajaza I-800 kwa ajili yake, na Marekani inatoa kibali cha awali kabla hujakata tiketi. Usimkimbilie mtoto kabla ya kibali hicho, hata ukiambiwa na nani.

Sisi, tangu mlango kugongwa na ofisa ustawi hadi ndege kupaa, ilikuwa miezi 19.

Palipokwama ni cheti cha ndoa. Tulifunga ndoa Tanga, cheti ni cha Tanzania. Colombia inapokea hati za nje zikiwa na muhuri wa apostili, yaani uthibitisho mmoja unaotambuliwa na nchi zote za mkataba wake, na Tanzania haimo katika mkataba wa apostili. Wenzetu waliofunga ndoa Texas walipata muhuri wao bila jasho. Chetu kilibidi kithibitishwe Tanzania, wizara ya mambo ya nje iweke muhuri juu ya saini, kisha ubalozi wa Colombia uweke juu ya muhuri. Mdogo wangu alisafiri kwa basi kutoka Tanga mara tatu. Mara ya pili aliambiwa mhusika yuko likizo. Ukiwa na ndoa ya nyumbani, anzia hapo, hata kabla hujamaliza kuchagua wakala.

La pili: wanataka taarifa za kila nchi uliyoishi tangu ulipotimiza miaka 18. Kwa Tanzania maana yake ni kuomba cheti cha tabia njema polisi, kwa Kenya ni DCI, idara ya upelelezi wa jinai. Kama ulipita Nairobi miaka miwili kabla ya Marekani, usijisahaulishe. Wanaona.

Gharama?

ICBF hailipishi senti. Mtu yeyote ndani ya Colombia akikudai "ada ya mtoto", huo ni wizi, na pengine ni zaidi ya wizi. Unalipia wakala, ofisa ustawi, tafsiri, wakili wa kule, ada za uhamiaji, nauli, na wiki zote za kula na kulala. Yetu yote pamoja ilipita kidogo dola 31,000. Hatukuwa nazo. Tuliuza kiwanja Kange, mume wangu akaendesha teksi za mtandaoni usiku mwaka mzima.

Kodi inarudisha kiasi. Kwa kuasili kulikokamilika mwaka 2025, nafuu ya kodi ya Marekani inafika dola 17,280 kwa mtoto, na hadi dola 5,000 kati yake unaweza kurudishiwa hata kama kodi unayodaiwa ni ndogo. Mwenye kipato kikubwa sana hapati. Hifadhi kila risiti, hata ya maji.

Mtoto anaulizwa kama anawataka?

Ndiyo, na hapa ndipo fikra zangu zilipogeuka. Nilikwenda kwenye mafunzo nikidhani kamati ni ile ya ICBF na ile ya uhamiaji. Kamati ya tatu ilikuwa mtoto.

Tulitakiwa kutengeneza albamu: sisi, nyumba, chumba chake, mbwa wa jirani, binti yetu aliye chuoni, bibi wa Tanga. Mwanasaikolojia alikaa nayo pamoja na mtoto kwa siku kadhaa. Mtoto akatuma maswali yake. Matatu. Je, huko kuna bahari? Je, mnapiga? Je, nikisema hapana nitapelekwa wapi?

Mume wangu aliusoma ule ujumbe jikoni, akauweka mezani kifudifudi, akatoka nje. Tulijibu yote matatu. Bahari ipo, Galveston, mwendo wa saa moja. Hatupigi. La tatu tulimjibu kwamba akisema hapana sisi hatutakasirika, na tukaomba wakubwa wa kule wamweleze wao ukweli wa mahali atakapobaki.

Siku ya kwanza ilikuwaje?

Mnakutana katika mji anaoishi mtoto. Wa kwetu alikuwa Cali. Chumba cha ofisi, viti vya plastiki, puto nne, keki. Mwanasaikolojia, ofisa wa serikali anayemtetea mtoto ambaye kule huitwa defensor de familia, na mama aliyekuwa akimlea. Mtoto aliingia amevaa shati jeupe lililonyooshwa mikunjo ikakaa kama kisu. Nilikuwa nimejifunza Kihispania cha kumwambia. Kikanitoka chote.

Hakukumbatia mtu. Alitupa mkono, kama mzee wa kanisa. Akakata keki, akampa yule mama aliyemlea kwanza, akala chake akiwa amesimama. Ofisa alitaka tupige picha tumekumbatiana, nikasema tusubiri. Ile picha tuliyopiga imeacha kati yetu nafasi ya mtu mmoja, na ndiyo niliyoiweka ukutani.

Usiku ule, katika nyumba tuliyopanga, alilala na viatu.

Wiki sita zote mnafanya nini?

Siku za mwanzo ni za kuzoeana, na wataalamu wanakuja kuona. Wakiridhika, wakili anapeleka ombi kwa hakimu wa mahakama ya familia. Hapo mnasubiri. Kisheria hakimu anatakiwa aamue upesi; lakini mahakama ni mahakama, ina sikukuu, migomo na karani mwenye mafua. Angalau mmoja wenu lazima awepo mwenyewe kupokea hukumu. Mume wangu alirudi kazini baada ya wiki ya tatu, akaniachia hati ya uwakilishi. Nilibaki na mtoto, Kihispania cha kuokoteza, na joto la Cali.

Sasa nieleze jambo moja. Siku ya nane alikuwa hali. Si mgomo, alikula vijiko viwili na kusema asante, kila mlo, kwa adabu iliyonitisha. Nikaamua nipike changu. Kuna soko Cali linaitwa Galería Alameda, wanawake wa Pasifiki wanauza samaki pale, kamba, kaa, na nazi zimerundikwa kama kwetu Mgandini. Nikanunua nazi mbili na samaki mwekundu. Nyumbani hakuna mbuzi ya kukunia. Nikazivunja kwa mgongo wa kisu, nikabandua nyama, nikatia kwenye blenda na maji ya uvuguvugu.

Alikuwa sebuleni anaangalia katuni. Blenda iliponyamaza nikasikia televisheni nayo imenyamaza. Akaja akasimama mlangoni. Akaniangalia ninavyokamua kwa kitambaa, akatikisa kichwa, akanawa mikono, akaninyang'anya. Akakamua yeye, kwa kusokota kutoka juu kwenda chini, mpaka kikawa kikavu. Tui la kwanza akaliweka pembeni bila kuambiwa. Nikamuuliza nani kamfundisha. "Mi abuela." Bibi yangu. Hakuna karatasi hata moja katika jalada lile nene iliyosema kwamba alikuwa na bibi aliyempikia.

Alikula sahani mbili. Kwao huita arroz con coco. Nimemwambia kwetu ni wali wa nazi, akasema jina la kwao ni zuri zaidi, na hadi leo hajabadili msimamo.

Tunaweza kumbadilisha jina?

La ukoo linabadilika lenyewe, anachukua la wazazi wapya. La kwanza ni lake. Sheria ya Colombia, namba 1098 ya mwaka 2006, inaruhusu kulibadilisha ikiwa mtoto hajafika miaka mitatu, au amekubali mwenyewe, au hakimu ameona sababu ya haki. Mama mkwe alikwishachagua jina la babu. Tulimpa mtoto aamue. Alilifikiria siku mbili akasema linasikika kama jina la farasi. Likaachwa.

Baada ya hukumu mnaondoka siku hiyo hiyo?

Hapana. Mtoto hatoki Colombia mpaka hukumu iwe imekamilika, haikatiwi rufaa tena, na watu wa uhamiaji uwanja wa ndege wanadai nakala yenye uthibitisho huo. Beba mbili. Kwanza mnasajili upya kuzaliwa kwake, mnachukua pasipoti, kisha mnakwenda Bogotá, mji mkuu, kwa kuwa viza inatolewa na ubalozi wa Marekani kule.

Bogotá ina mwinuko wa mita 2,600 hivi. Mtoto wa Buenaventura na mama wa Tanga walitetemeka pamoja. Nunua sweta kabla ya kupanda ndege, uwanjani watakukamua. Kuna vipimo vya afya kwa daktari aliyeteuliwa na ubalozi, pamoja na damu ya kupima kifua kikuu. Mtoto wa miaka 10 au chini anaweza kuahirishiwa chanjo kwa wewe kusaini kiapo kwamba atachanjwa Marekani. Mkubwa zaidi anachanjwa pale pale.

Akiingia Marekani kwa viza ya IH-3, ile ya mtoto aliyekwisha kuasiliwa huko nje kwa Mkataba wa The Hague, naye hajafika miaka 18 na anakwenda kukaa na mzazi raia, anakuwa raia siku hiyo hiyo, na cheti cha uraia kinatumwa kwa posta. Mimi nilisubiri uraia miaka kumi na moja. Yeye aliupata akiwa amelala begani, foleni namba saba. Masharti ya viza yamekuwa yakibadilika sana tangu safari yetu, kwa hiyo kabla ya kulipa nauli soma tangazo la siku hiyo la Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani kuhusu Colombia. Usitegemee langu.

Mlizungumza lugha gani?

Kihispania kibovu, mikono, na simu ya kutafsiri. Kiingereza alikipata shuleni. Shule za umma zina walimu wa wanaojifunza lugha, dai haki hiyo siku ya kuandikisha. Kiswahili hatukukilazimisha, lakini irabu zake ni zile zile tano za Kihispania, kwa hiyo alianza kusoma maandishi ya khanga zangu kwa sauti bila kuelewa neno. "Meza" alilidaka mara moja, maana kwao ni "mesa". Sisi tulilichukua kwa Wareno. Shikamoo anaitoa vizuri kuliko binamu zake waliozaliwa Dallas.

Kihispania usikiue. Tumemtafutia kanisa lenye ibada ya Kihispania, na Jumamosi anacheza mpira na Wakolombia.

Nimesikia watoto wakubwa wana matatizo. Sema kweli.

Wana historia. Mwezi wa kwanza Houston alikuwa malaika, na mafunzoni tulionywa kuhusu malaika huyo. Mwezi wa tatu nilikuta mikate kumi na nne chini ya godoro, mingine imeota ukungu. Sikupiga kelele. Nilimnunulia kontena lenye mfuniko, nikamwambia hili ni lako, likipungua nitalijaza, na nikalijaza kila jioni kwa miezi mitano. Siku moja nilikuta ametia humo magari yake ya kuchezea.

Kulikuwa na kupasua vitu. Kulikuwa na "wewe si mama yangu", kwa Kihispania na kwa Kiingereza, ili nisikie vizuri. Kulikuwa na usiku wa kulia ambao hakutaka mtu aingie, nikalala koridoni na shuka. Tafuteni mtaalamu anayejua watoto waliopita mikono mingi, na mumtafute kabla ya safari, si siku moto umewaka. Na ndugu yangu wa imani, maombi tunaomba, lakini mtoto huyu hana pepo.

Vipi familia yake ya kule?

Sheria ya Colombia inampa aliyeasiliwa haki ya kujua asili yake. Jalada la mahakama ni la siri kwa miaka 20, ila yeye mwenyewe anaweza kuliomba. Mama yake tunamtaja kwa jina mezani, siku ya kuzaliwa na siku nyingine yoyote. Mama mdogo aliniuliza kama siogopi. Naogopa. Lakini mtoto alimjua kabla yangu.

Nitajuaje mtoto hakuibwa?

Swali bora kuliko yote, na wachache huuliza. Mwaka 2007 Wafaransa walikamatwa Chad wakitaka kurusha watoto 103 wakidai ni yatima wa Darfur. Wengi walikuwa na wazazi. Mwaka 2021 tume ya uchunguzi ya Uholanzi ilieleza maovu katika kuasili watoto kutoka nchi kadhaa miaka ya nyuma, na Colombia ilikuwa mojawapo. Ndiyo maana nilisema siwalaumu waliofunga milango.

Kwa mtoto mkubwa una faida moja: anasema. Omba uone tamko la mahakama au la ICBF kwamba anaweza kuasiliwa, uliza ndugu walitafutwa vipi na lini, uliza kama ana kaka au dada walioachwa. Wakala akikasirishwa na maswali hayo, badilisha wakala.

Sisi ni Waislamu. Tufanyeje?

Mimi si shehe, na si Mwislamu. Ninachojua kutokana na majirani zangu wa Tanga ni kwamba Suratul Ahzab inaagiza watoto waitwe kwa baba zao, kwamba mtoto wa kulea harithi kwa nasaba lakini anaweza kuachiwa wasia usiozidi theluthi, na kuna suala la umahramu, yaani nani wa nyumba anaweza kukaa naye bila stara, akibaleghe. Sheria ya Colombia yenyewe inampa mtoto jina lenu la ukoo na haki zote za mtoto wa kuzaa. Mambo haya mawili yanagongana, kwa hiyo kaeni na mwanachuoni mnayemwamini kabla ya fomu ya kwanza.

Anawaitaje?

Mimi ananiita Mama, maana ni neno lile lile kwao. Mume wangu ndiye mwenye shida. Kwa Kihispania "baba" ni udenda, na mtoto alipolisikia mara ya kwanza alicheka mpaka akakaa chini. "Papá" nalo Kiswahili kinalisikia samaki. Wakakubaliana "papi". Akitaka hela ya aiskrimu anasema baba, kwa lafudhi safi ya Tanga, na anapata.